Suruali za Kuchuchumaa

Jumatatu, 13 Mei

Mvua imekwisha. Vumbi limerudi barazani na limekaa juu ya kila kitu, pamoja na mimi.

Leo: suruali nne za shule kufupisha, zipu mbili, na mfuko wa ovaroli ya mwanaapolo, mchimbaji wa dhahabu, uliotobolewa na sululu yake mwenyewe. Elfu tisa na mia tano. Ukitoa uzi, umeme na chakula cha mchana, nimefanya kazi kutwa nzima kwa bei ya soda nne. Mteja wa mwisho akaniambia, "Punguza, dada, si kushona tu?"

Si kushona tu. Nikifa waandike hayo kwenye msalaba wangu.

Jumatano, 15 Mei

Mgongo.

Mama Enock amenicheka tena mbele ya wateja. Tunatumia baraza moja, cherehani yake mlango wa kushoto, zangu mbili mlango wa kulia. Yeye ni Salome, anashona sare za shule tangu Kharumwa haijawa makao makuu ya wilaya, na kwake nguo ni mikono miwili, shingo moja, basi. Tangu nilipoandika mlangoni BERNADINA MBUNIFU WA MAVAZI hana raha.

"Mbunifu!" ananiita. "Mbunifu wa Kharumwa! Hebu nibunie chai, koo limekauka."

Watu wakacheka. Wanajua jina langu, limeandikwa pale kwa rangi nyekundu, herufi za kimo cha mkono. Lakini wote bado wananiita Fundi. Nilianza Mwakitolyo nikiwa na miaka kumi na tisa, natia viraka ovaroli za wachimbaji chini ya turubai, na huko nilikuwa Fundi. Nimenunua cherehani ya pili, Fundi. Nimepanga chumba chenye sakafu, Fundi. Kaka Donatus naye amepiga simu kutoka hukohuko Mwakitolyo: "Mdogo wangu, achana na mambo ya ubunifu, shona sare. Watoto wanazaliwa kila siku." Hajawahi kuninunulia hata sindano, ila ushauri anao wa kutosha.

Jumapili, 19 Mei

Leo nitaandika kirefu kwa sababu leo kuna kitu.

Baada ya misa alikuja Mzee Nkwabi. Hapa hakuna asiyemjua: yeye ndiye ningi wa Bagika, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma yao. Kila ngoma ya huku ina upande, ama Bagika ama Bagalu, na mavuno yakiisha pande mbili zinakutana uwanjani. Zinacheza kwa wakati mmoja, huyu mwisho huu na yule mwisho ule, na watazamaji wanaenda wanakovutwa. Hakuna jaji wala alama. Uliyebaki bila watu umeshindwa, unafungasha majembe unarudi nyumbani.

"Mwadila, mayu," akanisalimu kwa Kisukuma; mayu ni mama.

"Mwadila, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Nataka suruali kumi na sita za bugobogobo. Za Sabasaba. Nyeusi, imara. Vijana wangu wanachuchumaa na jembe, hawachezi kama watu wa harusini."

Ningeweza kusema sawa, nikaandika vipimo, tukamalizana. Lakini nilikuwa na ile yangu. Niliibuni Februari nikiwa nafunga mwavuli. Ni suruali pana, nyeusi tupu kwa nje, na ubavuni, kutoka paja hadi chini ya goti, kuna mikunjo tisa iliyofichwa, na ndani ya mikunjo kuna kitambaa cha rangi ya chungwa. Ukisimama huoni kitu. Ukichuchumaa inafunguka. Ya majaribio niliikata kwa mwili wangu mwenyewe, kwa sababu mwili wangu ndio pekee usionidai malipo. Nikaivaa nyuma ya pazia, nikatoka, nikachuchumaa mbele ya mzee wa watu.

Aliinama akatazama ubavuni. Kisha akasema, "Simama." Nikasimama. "Rudi chini." Nikarudi. "Simama." Goti likalia. Akacheka mpaka akashika nguzo ya baraza.

"Nani amekufundisha hii?"

"Hakuna, baba."

"Hakuna!" Akawageukia waliokuwa barazani. "Mmesikia? Hakuna!" Halafu akashusha sauti. "Mtu yeyote wa Bagalu asiione. Na vipande vyote vitakavyobaki unirudishie, hata cha upana wa kidole." Watu wa ngoma hawaachi kipande cha nguo yao mikononi mwa mtu, wanaogopa kurogwa.

Ameuza ndama kwa ajili ya vitambaa. Kumi na sita mara mita mbili na nusu nyeusi, ni mita arobaini. Ya chungwa, mita moja na robo kila moja, ni ishirini. Ufundi nimetaja bei yangu bila kuishusha, akaikubali. Mama Enock alikuwa anapiga pasi kola ileile tangu mzee anaingia hadi anatoka.

Watu kumi na sita watachuchumaa kwa pamoja mbele ya wilaya nzima, na kila atakayeona ataona kitu ambacho kilikuwa kichwani mwangu tu. Nataka hilo kuliko ninavyotaka fedha. Fedha nazo nazitaka.

Jumatatu, 27 Mei

Umeme umekatika asubuhi, umerudi jioni. Nimekunja mikunjo kwa pasi ya mkaa. Upepo umeleta vumbi kwenye kitambaa cha chungwa, nimekung'uta, umeleta tena.

Alhamisi, 30 Mei

Amekuja Ngassa. Pikipiki mpya, miwani ya jua, kofia imeandikwa kitu kisichosomeka. Ana hisa kwenye duara moja, yaani shimo la dhahabu, hapa hapa Nyang'hwale na tangu mwaka jana ndiye ningi wa Bagalu. Mvulana wa miaka thelathini na mbili anayeongea kama redio.

"Fundi, nasikia unawashonea wazee wangu."

"Nashonea mteja."

"Basi na mimi mteja. Nataka vijana wangu wawake. Unajua ile mistari kwenye vizibao vya mgodini, inayong'aa ukimulikwa? Nataka hiyo mikononi, mgongoni, miguuni. Jua la saa tisa likiwapiga, watu wafumbe macho."

Kusema kweli wazo lake si baya. Nikamwambia wazi kwamba Bagika nao ni wateja wangu, ya kwao sitamwonyesha na ya kwake sitawaonyesha.

"Wao washone suruali," akasema. "Mimi nashona mwanga."

Akacheka peke yake, akalipa nusu palepale bila kuuliza kama si kushona tu.

Alipoondoka, Mama Enock akaacha cherehani yake. "Wee Dina. Utashonea pande mbili?"

"Mteja ni mteja."

"Wewe ni mtu wa Tinde kweli? Au hukukulia nyumbani?"

"Kwetu Tinde kuna ngoma, Mama Enock. Na kuna biashara pia."

"Sawa, mbunifu. Buni."

Wivu. Miaka yote hiyo hajawahi kupata oda mbili za namna hii kwa mwezi mmoja. Mtu akiuza chumvi, anawauzia Bagika na Bagalu, na hakuna anayemwuliza. Kwa nini mshono uwe tofauti?

Jumatano, 5 Juni

Mikunjo tisa kila mguu, miguu miwili, suruali kumi na sita: mia mbili themanini na nane. Nimefika mia moja na kumi. Vidole havifungi.

Jumapili, 9 Juni

Mzee Nkwabi amesikia habari za Ngassa. Hapa habari haihitaji pikipiki.

Alikuja na jogoo mwekundu amemfunga miguu, akamweka chini ya meza yangu, akaketi. Aliangalia suruali zilizokwisha, akazisifu moja moja, akapitisha kidole kwenye mshono wa msamba. Huo nilishona mara mbili na kuuziba kwa utepe, kwa sababu mtu anayechuchumaa na jembe mkononi hupasukia hapo kwanza.

"Imara," akasema.

"Imara, baba."

"Na za yule mtoto?"

"Nazo nitashona vizuri."

Akairudisha suruali mezani. Kisha akasema taratibu, kama mtu anayezungumzia mvua, "Uzi uko wa aina nyingi, mayu. Kuna uzi mzee, wa dukani uliopigwa jua. Ukiutia hapa," akagusa tena msamba, "nguo inaonekana nzima. Mtu anavaa, anacheza, anafika katikati. Mbele ya watu. Na wewe utakuwa mshonaji wa Bagika mpaka nife."

Sikujibu. Nilipaswa kujibu. Lakini yeye ni mzee aliyenizidi miaka thelathini, ameketi kwangu, na mimi nimelelewa kwamba mzee humwambii hapana usoni; unanyamaza, anaelewa, anaondoka na heshima yake. Nilitazama cherehani. Akainuka, akaniaga vizuri, akaenda.

Jogoo akabaki chini ya meza.

Jumatatu, 10 Juni

Leo jogoo tumemla. Nilikuwa na siku ya tatu ya ugali na dagaa, na mtu akiacha jogoo kwako unafanyaje, unamlea? Nilimkaribisha Mama Enock kwa sababu harufu ilishafika kwake kabla yangu.

Alikuwa na paja mkononi alipouliza katoka wapi. Nikamsimulia, hata maneno ya uzi. Akaacha kutafuna.

"Umemla?"

"Tumemla."

"Mimi nimekula kama mgeni. Wewe umekula kama mtu aliyekubali." Akaliweka paja chini. "Dina, ukipewa jambo na kuku pamoja, kuku ndiye jibu. Ukimkataa unamrudisha hai. Ukimla umesema ndiyo. Mama yako hakukuambia?"

Mama yangu aliniambia. Aliniambia kuhusu posa, kuhusu kesi za mipaka ya mashamba, kuhusu wazee wanaokuja kupatanisha. Sikufikiri uzi nao umo.

Mama Enock alilitazama lile paja, kisha akalimaliza. "Mimi ni mgeni," akasema.

Ijumaa, 14 Juni

Nimenunua jogoo sokoni, mwekundu kama yule ila mnene zaidi, nikapanda bodaboda hadi kwa Mzee Nkwabi. Nilimkuta zizini. Wake zake wawili na vijana kadhaa wa ngoma walikuwepo, na Amosi, yule anayeongoza safu ya mbele.

"Baba, nimemrudisha jogoo."

Akamtazama. "Huyu simjui."

"Yule niliona ni zawadi. Nilikosea. Sitalegeza mshono wa mtu, baba. Wa Ngassa wala wa mwingine."

Nililisema hadharani, mbele ya vijana wake. Hilo lilikuwa kosa la pili, nililiona usoni mwake hata kabla sijafunga mdomo. Ningemwambia pembeni angekasirika tu. Sasa alikuwa ameaibika.

"Nani amekuambia ulegeze?" akauliza kwa sauti kubwa. "Mnamsikia? Mimi nilimletea mtoto kuku, na yeye anakuja na maneno ya uzi!" Kisha akanisogelea, akasema ya kwangu peke yangu: "Umekula kwangu. Sasa hutaki kwangu. Basi umekubali kwa nani?"

Nimerudi na jogoo. Bodaboda kwenda na kurudi elfu nane, na jogoo bado ninaye, na usiku kucha anawika.

Alhamisi, 20 Juni

Bagika wamechukua suruali zote. Amosi ndiye aliyekuja. Nilimwonyesha jinsi ya kuzikunja zisipoteze mistari. Alikuwa mpole, lakini hakunitazama. Vipande alivipima kwa macho, kisha akauliza, "Ni vyote?"

Ni vyote.

Jumatatu, 24 Juni

Ngassa hajui kuficha kitu. Mchana amewaleta vijana wake mbele ya maduka na nguo mpya, eti wanazifanyia majaribio. Wamecheza, wameruka, wamejitupa kwa magoti kwenye vumbi. Jua likapiga ile mistari na watoto wakapiga kelele. Hakuna kilichopasuka. Kwa nini kipasuke? Nimeshona mimi.

Nilikuwa nimesimama mlangoni nimefurahi kama mjinga, mpaka nilipomwona mmoja wa vijana wa Nkwabi ng'ambo ya barabara. Hakuwa anatazama ngoma. Alikuwa anahesabu magoti.

Jumanne, 25 Juni

Sasa naelewa hesabu yao, na shida ni kwamba inakubali. Nkwabi aliomba nilegeze za Ngassa. Nikamla jogoo, nikakubali. Za Ngassa hazikulegea. Basi upande wa pili umenipa zaidi, na zilizolegezwa ni za Nkwabi. Ukianza na yule jogoo, kila mstari unafuata. Ningekuwa yeye ningefika hapohapo.

Mchana Amosi amepita mlangoni kwangu na suruali zote kumi na sita, akaziweka kwa Mama Enock. Hatua tatu kutoka kwangu! Nikasikia anamwambia azikague na kuziongezea mshono.

Nimeketi kusikiliza cherehani yake ikianza. Haikuanza. Nikasikia nguo zikigeuzwa. Kisha sauti yake:

"Amosi, mwanangu, hapa siongezi kitu. Nikipitisha sindano ya tatu nitakata kitambaa. Hii ni mara mbili na utepe juu. Mimi mwenyewe sare zangu sizishoni hivi."

"Mzee amesema uangalie vizuri."

"Nimeangalia vizuri. Kuangalia vizuri ni elfu moja kila suruali."

Akalipwa elfu kumi na sita. Ameniambia jioni bila hata kuona haya. "Nimekusifia kwa pesa yao," akasema. "Wewe unalia nini?"

Silii. Ila nimekaa nikimfikiria huyu mwanamke. Nilimwona mchawi wa baraza. Angeweza kunimaliza kwa neno moja leo, na kazi yangu yote ingehamia mlango wake. Ameangalia mshono akasema ulivyo. Hilo halimfanyi kuwa malaika, chai yangu ameendelea kuinywa.

Hawakumwamini naye. Wanasema mafundi wa baraza moja ni kitu kimoja, lakini ndama ameshauzwa na hawana suruali nyingine.

Ijumaa, 28 Juni

Mama wa bibi harusi wa Jumamosi ijayo amekuja kuchukua kitambaa chake. Nguo sita za wasimamizi. "Tumesikia unalegeza," akasema, kisha akaona aibu, akasema harusi imesogezwa mbele. Upepo. Kazi leo: kifungo kimoja.

Jumatano, 3 Julai

Hakuna kazi. Nimefagia mara mbili.

Sabasaba zile suruali zikifunguka bila kupasuka ndani ya uwanja, mbele ya watu wote, nimepona. Zikipasuka, nimekwisha, nihame Kharumwa. Hazitapasuka. Basi naogopa nini?

Jumapili, 7 Julai

Nilivaa ile ya majaribio chini ya kitenge. Nilijiambia kwamba kama zitapasuka, na mimi nipasuke nazo.

Uwanja ulikuwa umejaa kufikia saa nane. Sijui watu wangapi. Wauza miwa walikuwa kumi na mmoja, na wauza miwa hawaendi penye watu wachache. Bagalu mwisho wa kaskazini, Bagika kusini. Nilisimama katikati, kwa sababu sikuwa na upande wa kusimama.

Ngoma zikaanza pamoja. Ngassa akawatoa vijana wake na jua likawa linampendelea kweli. Kila walipogeuka, mstari wa mwanga ukapita mgongoni kwao wote. Watu wakapiga vigelegele. Upande wa kusini Bagika wakaingia na majembe mabegani, njuga miguuni, weusi tupu, na sauti ya Nkwabi ikapanda. Sauti yake bado ni ile, nywele za mkono zinasimama. Nusu ya watu walikuwa kwake, na walikuja kwa ajili ya sauti hiyo.

Kisha ikafika sehemu ya kulima. Bugobogobo ni ngoma ya jembe: ngoma zikidunda kwa kasi wachezaji wote wanashuka chini kabisa, makalio karibu na visigino, wanalima hewa, wanarusha jembe na kulidaka. Hapo ndipo mikunjo ingefunguka. Nilikuwa nimeisubiri sehemu hiyo tangu Februari.

Hawakushuka.

Waliinama kidogo tu, kama mtu anayetafuta sarafu asiyetaka kuonekana anaitafuta. Magoti yamebana. Amosi, mtu anayejulikana kwa kukaa chini mpaka vumbi limfike kidevuni, aliinama nusu na mkono mmoja ameuweka nyuma, kwenye msamba. Mkono nyuma! Mbele ya watu! Kumi na sita wote walikuwa wanailinda mishono ambayo haikuhitaji kulindwa. Nguo nyeusi ikabaki nyeusi. Rangi ya chungwa ikabaki ndani. Kutoka mahali nilipokuwa ilikuwa ni suruali ya kawaida, ya kazi, pana kidogo kuliko inavyopendeza.

Watu wakaanza kusogea. Kwanza vijana, kisha wanawake wenye watoto mgongoni, kisha wauza miwa, na wauza miwa wakiondoka imekwisha. Mama mmoja akapita ubavuni kwangu akisema, "Nkwabi amezeeka, hata vijana wake wamezeeka."

Nilichoka. Sijui namna nyingine ya kusema. Nilichoka na jogoo, na hesabu yao, na kunyamaza kwa ajili ya heshima, na kuongea pasipotakiwa. Mikunjo mia mbili themanini na nane, na hakuna hata mmoja uliofunguliwa. Nikafungua kitenge, nikakitupa begani, nikaingia uwanjani.

Mwanamke mmoja akasema, "Hee, huyu anaenda wapi?"

Nkwabi aliniona. Hakuacha kuimba, ila mkono wake ulinifukuza. Nikaendelea. Nikafika mbele ya safu, mbele ya Amosi, umbali wa jembe.

"Toka hapa, fundi," Amosi akasema kati ya pumzi.

"Chuchumaa."

"Toka!"

"Basi tazama."

Mimi sijui kucheza. Nilishuka tu, kama mtu anayepepeta mchele, chini mpaka visigino. Mikunjo ikafunguka pande zote mbili. Nikapanda. Nikashuka tena, kwa nguvu, nikajitupa, na goti langu likalia kama kawaida yake. Watu wakacheka. Kicheko kikubwa, cha uwanja mzima, mwanamke wa watu anarukaruka kama chura katikati ya Bagika. Nikashuka mara ya tatu wakiwa wanacheka, na nikasikia kicheko kikipungua katikati, kwa sababu waliokuwa karibu walikuwa wameiona ile rangi.

"Imeshonwa na mkono mmoja na hizo zenu," nikamwambia Amosi. Sikuwa na pumzi. "Ikipasuka hii, niache hapa nitembee hivi hivi mpaka nyumbani. Mimi si mwanaume. Aibu yangu itakuwa kubwa kuliko yako."

Aliniangalia. Kisha akamwangalia Nkwabi. Mzee alikuwa bado anaimba, lakini macho yake yalikuwa kwenye suruali yangu, na nadhani hapo hapo alirudia hesabu yake yote toka mwanzo na kuona palipoharibika. Hakunipa ishara yoyote. Alimpa mpiga ngoma: kasi.

Amosi akashuka.

Akashuka mpaka chini, kidevu kwenye vumbi, na ule mwavuli ukafunguka. Aliyemfuata akashuka. Kisha safu nzima, kumi na sita kwa pamoja, miguu thelathini na mbili, na uwanja wa kusini ukageuka rangi ya chungwa mara moja kisha ukawa mweusi, kisha chungwa tena. Sikusikia kelele za watu. Nilizihisi mgongoni. Watu walikuwa wanakimbia kurudi.

Nikajifunga kitenge changu na kutoka.

Walikuwa wamechelewa. Jua lilipoinama, Ngassa alikuwa bado na watu wengi zaidi, si kwa kiasi kikubwa. Bagalu wameshinda. Nilipokuwa nakunywa maji kwenye duka la pembeni, alikuja na pikipiki, jasho limemchora usoni.

"Fundi, umecheza upande! Nilikulipa!"

"Ulilipia nguo yako. Haikupasuka."

"Uliingia kwa Bagika!"

"Niliingia kwa suruali yangu, Ngassa. Ingekuwa yako inaonewa, ningeingia kwako."

Akanitazama, akatikisa kichwa, akaondoka. Mwakani hataniletea kazi, amesema hivyo kabla ya kuwasha pikipiki. Na Nkwabi alipita na watu wake bila kunisalimia. Nimempa shikamoo. Ameitikia, ila kwa kuitazama barabara.

Basi nimepoteza wote wawili kwa siku moja. Nimerudi kwa miguu.

Jumatatu, 8 Julai

Nimelala hadi saa nne. Mwili mzima. Mama Enock ameniletea uji, ameuliza kama chura ameamka.

Jumatatu, 15 Julai

Mama wa bibi harusi amerudi na kitambaa. Harusi imesogezwa nyuma. Nimeongeza bei na hakusema kitu.

Jumatatu, 22 Julai

Leo ni siku ya mnada. Nilikwenda kutafuta uzi wa jumla. Upepo wa kawaida, mbuzi, sufuria, mitumba. Kwenye vibanda vya mwisho kuna mshonaji wa kutembea, kijana asiyetoka huku, ana cherehani ya miguu juu ya mkokoteni. Ametundika suruali nyeusi tano kwenye kamba.

Nilizijua kabla sijafika. Nikashika moja. Mikunjo mitano badala ya tisa, kitambaa cha ndani cha manjano chepesi, na msamba mshono mmoja, uzi mweupe kabisa, unaonekana. Damu ilinipanda. Ameona siku moja, au amesimuliwa, akaenda kuiba.

"Karibu dada, vaa ujaribu," akasema. "Hiyo ndiyo inatembea sasa."

"Inaitwaje?"

"Hiyo? Hiyo ni Bernadina."

Nilimtazama usoni. Hakuwa ananitania. Hakunijua.

"Nani amesema inaitwa hivyo?"

"Ndilo jina lake, dada. Huku wote wanaiita hivyo. Ukichuchumaa inafunguka. Nimetoka nazo Geita, hata kule watu wanauliza: una Bernadina? Huna?"

Niliigeuza. Nikapitisha kidole kwenye mshono wa msamba, nikavuta kidogo tu. Uzi ukakatika.

"Bei gani?"

"Elfu kumi na mbili. Wewe nitakupa kwa kumi."

Nikamrudishia mkononi.

"Bernadina haiuzwi kumi," nikamwambia. "Shona mara mbili, uweke utepe. Uuze ishirini na tano."